Kuhamia programu ya bure ya kuhariri picha: nianzie wapi, na mafaili yangu ya zamani niyafanyeje?

Swali

Wanajamvi, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihariri picha na kutengeneza mabango kwa Photoshop, na usajili wangu wa kulipia kila mwezi unakwisha baada ya wiki tatu. Sikusudii kuuhuisha, kwa kuwa kazi ninayoifanya ni ya kujitolea na haina kipato. Nakala zilizovunjwa ulinzi sizitaki pia: ni kuwadhulumu walioitengeneza programu, na tena hakuna ajuaye yule aliyeivunja ameingiza nini humo ndani.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha mwanga na rangi za picha zilizopigwa kwa kamera, nyingi zikiwa katika umbizo la RAW, yaani data ghafi kama kamera ilivyoinasa. Mara nyingine humtoa mtu kwenye mandharinyuma ya picha moja na kumweka kwenye nyingine. Hutengeneza pia mabango yenye maandishi mengi, ambayo hupelekwa matbaa kuchapwa. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 8 tu.

Jana usiku nilisakinisha GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Nilifungua picha ya JPEG, nikachagua mandharinyuma kwa uangalifu, nikabonyeza kitufe cha kufuta, na badala ya kupata uwazi nikapata weupe mtupu. Nimerudia mara tatu, matokeo ni yale yale. Je, hii ni kasoro ya programu, au kuna jambo sijalijua? Na je, ipo programu moja ya bure itakayonifanyia kazi zote hizi? Zaidi ya hayo, nina mafaili ya PSD, yaani umbizo la Photoshop yenyewe, zaidi ya mia mbili, na ninaogopa kwamba usajili ukishakwisha yatabaki kama sanduku lililopotelewa na ufunguo.

Jibu la kwanza

Ndugu muuliza, nianze na huo weupe, maana ndio unaowakatisha tamaa wengi katika siku ya kwanza, ilhali dawa yake ni ya sekunde tano. Picha ya JPEG haina mahali pa kuhifadhi uwazi; kila pikseli yake, yaani kila nukta ya picha, lazima iwe na rangi. GIMP inapoifungua huiheshimu hali hiyo, kwa hiyo unapofuta sehemu fulani hujaziwa ile rangi ya nyuma iliyowekwa kwenye kisanduku cha zana, ambayo kwa kawaida ni nyeupe. Nenda kwenye menyu ya matabaka (sehemu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine), ingia sehemu ya uwazi, uongeze chaneli ya alfa, yaani ile inayohifadhi uwazi wa kila pikseli. Ukifuta tena utaona miraba midogo ya kijivu, nayo ndiyo alama ya uwazi. Ukimaliza, toa picha yako kwa umbizo la PNG, kwa sababu ukiirudisha katika JPEG uwazi wote utapotea.

Hapo kuna tofauti nyingine itakayokusumbua usipoijua mapema. Katika GIMP, kuhifadhi ni jambo moja na kutoa ni jambo jingine. Ukihifadhi, unapata faili la XCF lenye matabaka yako yote. Ukitaka JPEG au PNG, unatumia amri ya kutoa. Wengi hulalamikia utaratibu huu, lakini mimi nimeushukuru zaidi ya mara moja. JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapofunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa upya, na mtu asiyekumbushwa huishia kuiharibu picha yake ya asili bila kujua.

Hakikisha umesakinisha toleo la 3.0 au la baadaye. Programu hii ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kwa miaka mingi ilisifika kwa uwezo huku ikilaumiwa kwa ugumu. Sehemu kubwa ya lawama unazozisoma mtandaoni inahusu matoleo ya zamani. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeondoa dosari mbili zilizokuwa zikiniudhi mno. Kwanza, sasa unaweza kuweka chujio, yaani athari kama ya kutia ukungu au kunoa, juu ya tabaka, kisha ukarudi baadaye kubadilisha vipimo vyake au kukiondoa kabisa, bila kuzigusa pikseli zilizo chini yake. Pili, unachokibandika huwa tabaka jipya moja kwa moja, badala ya ule uteuzi unaoelea uliokuwa ukiwachanganya watu.

Kuhusu programu moja ya kufanya kila kitu, nakushauri uliache wazo hilo. GIMP yenyewe haisomi RAW. Ukiipa faili la namna hiyo hulikabidhi kwa programu ya bure ya kuchakata RAW, darktable au RawTherapee, iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yako ni hiyo, jifunze darktable kwanza, wala si GIMP. Hurekebisha mwanga na rangi bila kuligusa faili la asili, na maelekezo ya kila badiliko huandikwa katika faili dogo la pembeni, hivyo unaweza kurudi miaka mitano baadaye ukaanza upya. Kuizoea kunataka subira, kwani ina moduli nyingi; chagua nne au tano unazozihitaji, uziache nyingine zikae.

Kumbukumbu ya GB 8 inatosha ukiitumia kwa hesabu. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24. Kwa usahihi wa biti 8 kwa kila chaneli, tabaka moja lenye uwazi huchukua takriban MB 96. Kwa biti 16 kiasi hicho huwa maradufu. Matabaka kumi ya biti 16 yanakaribia GB 2, kabla hujahesabu historia ya kutengua. Unganisha matabaka ambayo kazi yake imekwisha, na uipunguze picha ifikie ukubwa unaohitajika kabla ya kuanza kuipamba.

Jibu la pili

Naongezea upande wa matbaa, kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi muda mrefu na ndiko nilikoona machozi.

Usitengeneze bango lenye maandishi mengi ndani ya programu ya picha, iwe ya bure au ya kulipia. Herufi zikishageuzwa kuwa pikseli, bango likikuzwa kingo zake huchakaa. Tumia Inkscape, ambayo huchora kwa vekta: umbo huhifadhiwa kama hesabu ya mistari na mikunjo, na hubaki safi kwa ukubwa wowote. Umbizo lake la msingi ni SVG, ambalo ni kiwango cha wazi na ni maandishi ya kawaida kwa ndani, hata ukilifungua kwa kihariri cha maandishi utayasoma. Kama bango lako lina safu za maandishi kama ukurasa wa jarida, basi Scribus ndiyo inayofaa zaidi, kwani imetengenezwa kwa ajili ya kupanga kurasa na hutoa PDF inayokubalika matbaa.

Suala la rangi ndilo linalowaangusha watu. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, yaani RGB. Mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, yaani CMYK. Buluu kali na kijani kinachowaka kwenye skrini havipatikani kwa wino huo, navyo hufifia vikifika kwenye karatasi. Nimewahi kupokea bango lenye anga ya buluu ya kupendeza, na lilipotoka mashineni anga ile ilikuwa imeingia uzambarau. Mwenyewe alisimama akiwa ameshika karatasi mbili mkononi, asijue amlaumu nani. GIMP huhariri katika RGB, ila toleo la 3.0 linakuonyesha kwenye skrini rangi zitakavyobadilika na linaweza kutoa faili la CMYK la TIFF au JPEG. Krita, inayojulikana zaidi kwa uchoraji, hufanya kazi ndani ya CMYK tangu mwanzo wa kazi yako. Omba matbaa wakupe wasifu wa rangi wanaoutumia, yaani faili linaloeleza rangi zitakavyotoka kwenye mashine yao, uupakie kwenye programu, uitazame kazi yako kwa wasifu huo kabla hujaituma.

Kipimo cha kukumbuka: ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyopokelewa kupitia programu ya ujumbe wa simu mara nyingi huwa imeshabanwa na haifiki hapo, na hakuna chujio litakalorudisha kilichokwisha kutupwa.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia kwa mengi, isipokuwa naona wamelipita swali la mafaili ya PSD, nalo ndilo lenye tarehe ya mwisho.

Ndugu, wiki tatu hizi usizitumie kujifunza, zitumie kuhamisha. GIMP na Krita hufungua PSD, na matabaka ya kawaida huja vizuri. Visivyokuja salama ni vile ambavyo Photoshop hukokotoa yenyewe, kama vile matabaka ya marekebisho (yanayobadilisha mwanga au rangi za yaliyo chini yake), vitu mahiri (picha zilizopachikwa pamoja na asili yake) na madoido ya tabaka (kama vivuli). Katika mafaili yangu, maandishi pia yalifunguka yakiwa picha tu, nisiweze kusahihisha hata herufi moja. Kwa hiyo, wakati bado una programu yako, fungua kila faili ambalo bado ni hai, utoe nakala ya TIFF au PNG yenye sura ya mwisho, na kwa mabango utoe PDF pia. Nakili maandishi yake mahali pengine, uandike na majina ya fonti. Fonti ndizo husahaulika: zile zilizokuja pamoja na usajili huondoka nao, na bango lako litafunguka likiwa na herufi za kuazima. Mafaili mengine, ambayo kwa kweli hutayarudia tena, yaache yalivyo.

Kwa yatakayokupita, ipo Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Husoma PSD vizuri kuliko programu nyingine zote za bure nilizozijaribu, ikiwa ni pamoja na maandishi na vitu mahiri, na faili lako huchakatwa kwenye kompyuta yako, halipakiwi kwenye seva. Inajiendesha kwa matangazo, yanayokula upande mmoja wa skrini.

Hapo ndipo ningeomba tutofautishe bure na huria, kwa sababu tunayachanganya kila siku. Photopea ni ya bure, Paint.NET, ambayo ni nyepesi na nzuri kwa wenye Windows, nayo hupakuliwa bure kwenye tovuti yake. Lakini hizo ni mali ya wenyewe, na kesho wakitaka kuweka bei wana haki hiyo. GIMP, Krita, Inkscape, Scribus na darktable ni programu huria chini ya leseni ya GPL: msimbo wake uko wazi, na toleo ulilo nalo leo hakuna awezaye kukunyang'anya. Sisemi uzikatae za bure. Nasema kazi unayotaka kuifungua tena baada ya miaka kumi usiihifadhi katika umbizo linalotegemea hiari ya mtu mmoja.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, wakuu. Chaneli ya alfa imefanya kazi kama ilivyoelezwa. Nimekwisha kutoa nakala za mafaili sitini na mawili, na nimegundua kwamba yaliyo hai hayafiki mia moja. Darktable nimeifungua na kwa kweli imenitisha, lakini nimeshikilia moduli nne kama nilivyoshauriwa, na picha ya kwanza imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Limebaki jambo moja. Nimemtoa mtu kwenye mandharinyuma nyeupe na kumweka juu ya mandhari yenye giza, na sasa nywele zake zina utepe mweupe kuzunguka kichwa. Nimejaribu kuufuta kwa kifutio chenye ukingo laini, nikala na nywele zenyewe.

Jibu la kwanza

Weka kifutio kando kwanza, maana kilichofutwa hakirudi ukishalifunga faili. Tengua hadi pale nywele zilipokuwa nzima, kisha uongeze barakoa kwenye tabaka la mtu huyo. Juu ya barakoa, rangi nyeusi huficha na nyeupe hurudisha. Ukikosea, unabadilisha rangi ya brashi na kupaka tena, wala hakuna kinachopotea.

Kwa nywele zenyewe, utepe huo unatokana na pikseli za ukingoni ambazo ni mchanganyiko wa nywele na ule weupe wa nyuma yake. Kuzipunguza hakutoshi, inabidi uutoe weupe uliomo ndani yake. Rudufu tabaka, kwenye nakala uchague eneo la nywele peke yake, ulainishe ukingo wa uteuzi kwa pikseli chache, kisha utumie amri ya kugeuza rangi kuwa uwazi huku rangi iliyoteuliwa ikiwa nyeupe. Weupe utayeyuka kwa kadiri ulivyokuwamo katika kila pikseli, na nywele nyembamba zitabaki. Usiitumie amri hiyo usoni wala kwenye nguo za rangi hafifu, kwa sababu nako kuna weupe, na utamwona mtu wako akipitisha mwanga. Uso na mwili viache kwenye tabaka la awali, na hapo ufiche nywele kwa barakoa ili zionekane zile za kwenye nakala tu.

Muuliza swali

Imekubali. Ilinibidi nipake barakoa upya karibu na sikio la kushoto, ambako nguo na nywele vilikuwa vimegusana, lakini utepe umeondoka na nywele zote zipo. Kesho naanza na mabango kwenye Inkscape, na matbaa wamenitumia wasifu wao wa rangi.