Land Rover ya 1962: dainamo inapata moto injini ikiwa imezimwa

KijanaWaKaratu
Shikamooni wazee. Babu ameniachia Land Rover ya 1962, bado ina dainamo. Juzi nimeifungia betri mpya, nikazunguka nayo kidogo. Kesho yake betri imekufa kabisa. Nikaichajisha. Wakati wa kuirudisha, terminali ikapiga cheche kubwa. Nikashika dainamo: dakika chache tu ilikuwa ya moto, na injini sijaiwasha!

MzeeWaDainamo
Marahaba mwanangu. Chomoa betri sasa hivi. Kisha niambie, upande gani wa betri umeufunga kwenye bodi?

KijanaWaKaratu
Hasi, kama magari yote.

MzeeWaDainamo
Basi ndiyo shida. Gari hilo bodi yake ni chanya, yaani chanya ya betri ndiyo inafungwa kwenye bodi. Ulipowasha injini, kata-auti (swichi kati ya dainamo na betri) ikafunga, dainamo na betri zikasukuma umeme kwa pamoja, platini zake, yaani vile vidude vinavyogusana, zikaungua na kugandana. Kazi ya kata-auti ni kuachia injini ikizimwa, umeme usirudi kwenye dainamo. Sasa haiachii.

Fungua kile kiboksi cheusi cha Lucas. Utaona koili mbili. Kata-auti ni ile ambayo platini zake zinatakiwa kuwa wazi gari likizimwa. Ya pili ni regyuleta, inayodhibiti chaji, skrubu yake usiiguse. Platini za kata-auti zitenganishe taratibu, pitisha msasa laini. Rudisha chanya kwenye bodi. Halafu toa waya kwenye terminali ya F (ya koili za sumaku) ya dainamo, na kwa kipande cha waya kutoka hasi ya betri gusa F ya dainamo, mguso mfupi, mara mbili tatu. Usiruke hatua hii, ndiyo inayoirudishia dainamo sumaku ya upande wake. Kata-auti ifunge kati ya volti 12.7 na 13.3.

Altaneta_tu
Ng'oa hiyo dainamo, weka altaneta.

MzeeWaDainamo
Mdogo wangu, dainamo hii ni nzima, na ni ya babu yake. Tena hii ina regyuleta. Ford Model A ya 1928 hadi 1931 haikuwa nayo. Chaji ilipangwa kwa kusogeza brashi ya tatu kwa mkono, na kwenye safari ndefu dereva aliwasha taa mchana kweupe ili betri isichemke.

KijanaWaKaratu
Mzee, Mungu akubariki. Nimefanya yote. Nimewasha injini, nimeweka mita kwenye D (terminali inayotoa umeme wa dainamo), nikaongeza mafuta polepole: volti 11, 12, ilipofika 13 platini zikalia "tik", sindano ikashuka kidogo, taa nyekundu ikazimika.