Kwa nini Samsung haishushi bei ili kuwapiku Tecno na itel Afrika?

Mdadisi wa Biashara:
Ndugu wanajamvi, naombeni ufafanuzi. Samsung hujitengenezea vioo, memori na hata baadhi ya prosesa, ilhali Transsion, yenye chapa za Tecno, itel na Infinix, hununua vipuri hivyo kwa wengine. Hata hivyo, anayeongoza Afrika kwa idadi ya simu zinazouzwa ni Transsion. Je, Samsung haiwezi kushusha bei mpaka mpinzani ashindwe kuifuata?

Muuza Simu:
Ndugu, bei pekee haikuipa Transsion soko hili. Kampuni hiyo, yenye makao yake Shenzhen, China, ilianzishwa mwaka 2006, na miaka miwili baadaye ikaelekeza nguvu zake Afrika, ambako wateja wengi walikuwa wakibadilisha laini mara kwa mara kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Iliwaletea simu za laini mbili, betri inayodumu na chaji na, baadaye, kamera iliyorekebishwa ili ngozi nyeusi ionekane vizuri. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda Ethiopia, na vituo vyake vya huduma, Carlcare, vikashughulikia matengenezo. Mteja wa kipato cha chini huuliza mapema kioo kikipasuka atakipata wapi, na swali hilo halijibiwi kwa punguzo la bei.

Mhasibu:
Naunga mkono, ila tusisahau hesabu. Kitengo cha Samsung kinachotengeneza memori huwauzia pia washindani, akiwemo Apple, kwa hiyo kila kipuri kinachotolewa kwa bei ya chini ndani ya kampuni ni faida iliyoachwa nje. Isitoshe, kuongoza kwa idadi hakumaanishi kuongoza kwa faida: Apple huuza takriban simu moja katika kila tano duniani, lakini huchukua sehemu kubwa zaidi ya faida ya biashara nzima. Hata Xiaomi, kampuni nyingine ya simu ya China, iliyoahidi mwaka 2018 kwamba faida yake halisi katika vifaa haitazidi asilimia 5, hutegemea pia matangazo na huduma za intaneti.

Mdadisi wa Biashara:
Nashukuru sana. Basi, memori ikipanda bei, Transsion haitaumia zaidi?

Mhasibu:
Itaumia zaidi, kwa kuwa katika simu ya bei ya chini memori hubeba sehemu kubwa ya gharama na mnunuzi wake hana nafasi ya kuongeza fedha. Hapo ndipo Samsung, ikiwa mwuzaji wa memori hiyohiyo, ina nguvu ambayo Transsion haina.