MJADALA: Serikali iliyoweka saini vipuri vya ndege ya vita, damu ya raia wa Gaza inaihusu au haiihusu?

Wadau salaam. Hii mada nimeibeba kichwani muda mrefu leo naimwaga hapa, mwenye hoja alete hoja, mwenye matusi abaki nayo.

Swali lenyewe: nchi ambayo haiko vitani, serikali yake ina wajibu gani raia wa Palestina wanapouawa na kushindishwa njaa? Maana ukitaja wajibu watu wanafikiria tamko, waziri anasimama mbele ya kamera anasema tumesikitishwa sana, basi, kesho kikao kingine. Mimi nasema tamko likae mwisho wa foleni. Kwanza serikali iangalie mkono wake uko wapi kwenye hiyo vita, iutoe, ndo ije kutuhubiria.

Mfano wangu ni wa hapa Uholanzi, kwa sababu ndo ninapokatwa kodi. Mimi nafanya kazi ghalani, kupanga maboksi na kuskani, kazi ya mgongo hiyo mnaijua. Sasa kule kusini karibu na mpaka wa Ubelgiji kuna kambi ya jeshi la anga inaitwa Woensdrecht, na hapo kuna ghala la vipuri vya F-35, zile ndege Israel inazopigia Gaza. Vipuri vyenyewe ni mali ya Marekani, ila vimekaa kwenye ardhi ya Uholanzi na havivuki mpaka bila kibali cha serikali ya Uholanzi. Kibali kilitoka 2016, cha jumla, hakikuwa na tarehe ya kuisha, na Israel ilikuwemo ndani. Vita ilipoanza Oktoba 2023 wakubwa wakakaa wakakiangalia tena, wakaamua kiendelee.

Hapo ndo naposhikilia mimi. Ghalani hakuna boksi linalotoka lenyewe, kuna mtu kaskani, kuna mtu kaweka saini, na likienda pasipotakiwa bosi hatafuti upepo uliolisukuma, anatafuta jina kwenye karatasi.

Mashirika matatu, Oxfam Novib, PAX na The Rights Forum, wakaenda mahakamani. Desemba 2023 wakashindwa. Wakakata rufaa, na tarehe 12 Februari 2024 mahakama ya rufaa ya The Hague ikasema ipo hatari ya wazi kwamba hivyo vipuri vinatumika kwenye uvunjaji mkubwa wa sheria za vita, ikaipa serikali siku 7 isimamishe kupeleka Israel. Siku saba jamani. Serikali ikatii huku inakimbilia Mahakama ya Juu, na Mahakama ya Juu nayo ikaja kutoa uamuzi 3 Oktoba 2025, ikasema si kazi ya majaji kupima hicho kibali, ni kazi ya waziri, kwa hiyo waziri akipime upya ndani ya wiki 6 na zuio libaki palepale kwa wakati huo. Kwa lugha ya mtaani, mzigo ni wako mheshimiwa, usituletee sisi.

Na katikati hapo watu hawakulala. Mei 2025 watu wakajaa The Hague wamevaa nyekundu, waandaaji walisema laki moja, Juni wakarudi wengi zaidi. Mimi Mei nilikwenda na jamaa ninayefanya naye zamu, mzee wa makamo, kwao Khan Younis, huko Gaza. Sina nguo nyekundu hata moja, nikajitanda kanga ya mke wangu begani, akanicheka njia nzima. Ila kila baada ya dakika kadhaa anatoa simu anaangalia WhatsApp, meseji aliyomtumia dada yake asubuhi bado ina tiki moja. Mnajua tiki moja maana yake, haijafika, inaweza kuwa chaji imeisha, inaweza kuwa mtandao umekatwa, na inaweza kuwa lile jambo jingine ambalo halisemi. Tiki ya pili iliingia saa mbili usiku tukiwa kwenye treni, akairudisha simu mfukoni akaanza kuongelea mpira.

Waziri wa mambo ya nje, Veldkamp, ambaye zamani aliwahi kuwa balozi wao huko huko Israel, alijiuzulu 22 Agosti 2025 kwa sababu wenzake serikalini hawakumwachia achukue hatua zaidi dhidi ya Israel. Siku hiyo hiyo wataalamu wa IPC, wale wanaopima njaa duniani, wakathibitisha njaa kali eneo la Gaza mjini. Sijui kama alikuwa shujaa, mimi siyo shabiki wake, ila alau alionyesha kwamba kiti kinaachika.

NIMERUDI, naona mmeandika mengi, najibu machache.

Kaka mmoja kasema: "Israel watavipata kwingine tu, zuio halina faida." Serikali yenyewe ilijitetea hivyo hivyo mahakamani. Na ni kweli zuio halikugusa vipuri vinavyokwenda Marekani, hilo mimi linaniuma na nakubali ni tundu kubwa. Lakini mkuu, kazini likija boksi la betri zimevimba ukaliachia lipite kwa sababu zamu ya usiku nao wangeliachia, likiwaka moto utamjibu nani hivyo?

Mwingine: "Mbona 7 Oktoba huisemi?" Naisema. Siku ile ya 2023 Hamas walipovamia Israel waliuawa watu kama 1,200, wakatekwa 251, na humo wamo vijana wetu wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo, wote waliuawa. Ule ni uhalifu, sina lakini. Ila mtoto wa Rafah hakuuza hata kisu. Kosa la huyu halimpi yule ruhusa ya kubomoa mtaa mzima, Mikataba ya Geneva ya 1949 ilishamaliza huo ubishi kabla wengi wetu hatujazaliwa, tena kifungu cha kwanza kabisa kinazitaka nchi ziheshimu na zihakikishe inaheshimiwa. Kuhakikisha, yaani hata kama siyo wewe unayepiga.

Ndugu yetu wa Goma kauliza kwa uchungu, mbona Kongo hatuvai nyekundu? Kaka hapo umenishika, sina jibu zuri, tunalia na kinachoonekana kwenye TV. Ila kipimo changu kilete na kwako uone. Umoja wa Ulaya uliweka saini makubaliano ya madini na Rwanda Februari 2024 wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika kwamba majeshi ya Rwanda yapo na waasi wa M23. Mwaka haujaisha Goma ikaanguka mikononi mwa hao M23. Saini ile ile, karatasi nyingine. Ukiandaa maandamano nipigie, kanga ninayo.

Dada kaniuliza Tanzania je, tuna nini sisi? Vipuri hatuna. Mwalimu alivunja uhusiano na Israel 1973 na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wakafungua ofisi Dar, uhusiano ukarudi 1995, ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa 2018. Mimi simlaumu mtu kwa kuwa na ubalozi. Ila kura yetu Umoja wa Mataifa kule New York ni yetu, na vijana wetu tunaowapeleka mafunzoni ni wetu, hapo ndo pa kuanzia kuuliza maswali, badala ya kubishana nani anampenda Nyerere zaidi.

Na mnaosema Afrika Kusini imetuwakilisha, ndiyo, ilifungua kesi dhidi ya Israel ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, 29 Desemba 2023 na amri ya kwanza ikatoka 26 Januari 2024, nilijivunia mpaka nikanunua vitumbua kazini. Lakini makaa yao ya mawe yaliendelea kupakiwa melini kwenda Israel. Colombia walizuia ya kwao Agosti 2024. Hapo nani kautoa mkono?

Nikija kazini kesho saa kumi na mbili asubuhi yule mzee atakuwa kwenye laini yake, skana mkononi. Wale wa "watavipata kwingine", mnisaidie la kumwambia, maana yeye kiholanzi anakijua vizuri kuliko mimi na hukumu zote hizo kazisoma.