Malkia wa vichimbakazi kwenye riwaya ya Kusini: mbona hatishi?

Mwana_Mikindani:
Habari wakuu. Naandika riwaya ya fantasia, mandhari ni Mikindani na mashamba ya korosho ya huko juu. Malkia wa vichimbakazi (wale viumbe wa ngano, "fairies") anamchukua kijana wa kijijini. Waliosoma rasimu wanasema anapendeza lakini hatishi: ana mabawa, ana taji, basi. Huko Ulaya alikotoka alikuwaje hasa? Na hapa pwani nimfanye jini tu?

Kitabu_Wazi:
Mabawa toa kwanza. Kwenye nyimbo za kale za kusini mwa Scotland ana kimo cha mtu na amepanda farasi. Katika wimbo wa Thomas the Rhymer amevaa hariri ya kijani, na kila shungi la shingo ya farasi wake lina kengele za fedha 59. Thomas anamdhania Malkia wa Mbinguni, mwenyewe anakana. Halafu sharti: ukitamka neno nchini kwangu, kwenu hurudi. Miaka 7 ya utumishi.

Yule mdogo kama kito cha pete ni malkia Mab anayesimuliwa katika Romeo na Juliet ya Shakespeare, gari lake ganda la kokwa, mjeledi wake mfupa wa nyenje. Kichekesho kizuri, ila habebi riwaya nzima.

Mzee wa Hadithi:
Mkuu, malkia wako hatishi kwa sababu hadaiwi na mtu. Soma wimbo wa Tam Lin. Kila miaka 7 vichimbakazi hulipa zaka Jehanamu, na Tam Lin, kijana aliyetekwa na malkia, anahofia safari hii zaka ni yeye, maana amenona. Kwa hiyo malkia anateka watu kwa shida, si kwa kupenda.

Angalia na anavyoshindwa. Usiku wa kuamkia Novemba 1, Janet, mpenzi wake Tam Lin, anajibanza njia panda. Anamwacha farasi mweusi apite, wa kahawia apite, anamvuta chini mpanda farasi mweupe. Kijana anageuka nyoka, simba, chuma cha moto, mwisho kaa linalowaka. Janet haachii mpaka amtupe kisimani na kumfunika joho lake. Malkia yupo palepale, anafoka kwamba angejua angemng'oa macho akamtia ya mti, lakini hamgusi mtu. Sheria yake mwenyewe imemfunga.

Kabla ya sura yake andika masharti: anadaiwa nini na lini, binadamu anafungwaje (kula, kusema), na anashindwaje. Hili la mwisho lidokeze mapema, la sivyo uokoaji utaonekana umeuokota njiani.

Binti Lindi:
Jini hapana. Majini wana utaratibu wao: wanampanda mtu kichwani, wanadai vitu kupitia kinywa cha mgonjwa, wanapungwa kwa ngoma na ubani. Malkia huyu anaondoka na mtu mzima mzima. Ukiwachanganya, msomaji atauliza mbona familia haijaita sheikh wala fundi wa kupunga, na atakuwa na haki.

Chuma nacho ni mtego. Vichimbakazi wa Scotland wanakikimbia, lakini huku kila nyumba ina panga na jembe, kwa hiyo malkia hataingia popote. Mpe mtepe, chombo cha kale cha pwani: ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Afike kwa bahari, watu wamfuate ufukweni.

Halafu kwa Shakespeare huyohuyo, malkia wa vichimbakazi Titania akigombana na mumewe Oberon majira yanavurugika, mito inafurika, nafaka inaozea shambani. Hilo lihamishie kwenye korosho. Maua yanatoka, ukungu wa asubuhi hauondoki, ubwiriunga (ugonjwa wa unga mweupe) unayapiga, watu wanapuliza salfa haisaidii. Mvua inashuka korosho zikiwa chini hazijaokotwa. Msomaji wa Newala au Tandahimba atashtuka kabla hujamtaja malkia.

Mwana_Mikindani:
Asanteni sana. Zaka amlipe nani? Jehanamu naona itaniletea maneno.

Mzee wa Hadithi:
Ilipe bahari, kwenye bamvua, yale maji makubwa. Linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo msomaji atahesabu siku pamoja nawe. Tena maji yakishatoka kabisa una kama saa 6 tu hadi yajae. Uokoaji wote uishe humo, na usiuweke siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, wavuvi watakucheka.