Mvinyo wa Garnacha usiopitia pipani: utolewe vipi katika joto la Malindi?

Mhudumu wa Malindi:
Ndugu zangu, ninahudumu katika mkahawa mmoja hapa Malindi. Juma lililopita tuliletewa mvinyo mwekundu wa Uhispania, wa zabibu aina ya Garnacha. Lebo yake ina neno «joven», yaani mchanga, na aliyetuuzia alisema haukupitia kabisa kwenye pipa la mwaloni. Nimezoea kutoupoza mvinyo mwekundu, lakini huu ukikaa kaunta hadi adhuhuri hupanda puani kwa ukali wa kileo, na utamu wa tunda hausikiki tena. Je, mvinyo ni mbovu, au ninakosea namna ya kuutoa? Na unafaa kuliwa na chakula gani?

Mtunza Ghala:
Kaka, mvinyo wako ni mzima. Desturi ya kutoupoza mvinyo mwekundu ilizaliwa katika nyumba za baridi za Ulaya, wala haikukusudiwa baraza yenye nyuzi 30. Garnacha huchelewa kuiva na hujaa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kileo inapochachuka. Ndiyo maana chupa nyingi za Campo de Borja na Calatayud, kule katika jimbo la Aragón, Uhispania, hufikia asilimia 14 au kupita, na joto hukidhihirisha kileo hicho kabla ya kitu kingine chochote. Itie chupa frijini hadi ishuke karibu nyuzi 14. Usihofu kuupoza, kwa kuwa zabibu hii ina ganda jembamba na ukakasi wake ni mdogo; mvinyo wenye ukakasi mwingi ndio unaokaza ulimi ukipoa. Hapo utapata stroberi, rasiberi na pilipili nyeupe kwa mbali, bila moshi wala vanila ya pipa. Usiuweke akiba miaka mingi, maana uzuri wake wote ni uchanga. Ninaumia sana nionapo chupa za namna hii zimepangwa dirishani juani ziwe pambo.

Mpishi wa Shela:
Kwetu Lamu ningeutoa pamoja na mishikaki ya ng'ombe, pilau, au jodari wa kuchoma. Wapo wanaokataa mvinyo mwekundu kwa samaki, lakini kwa samaki mnene na mvinyo usio na ukakasi mwingi sioni sababu. Jihadhari na pilipili nyingi tu, kwa kuwa kileo huzidisha mwasho. Wageni wa Kiitaliano, ambao Malindi hawakosekani, waambie ni zabibu ileile wanayoiita Cannonau kule Sardinia. Wataielewa mara moja.

Mhudumu wa Malindi:
Ahsanteni sana. Chupa nimekwisha kuzihamisha kutoka kaunta. Je, iliyofunguliwa jana na kubaki nusu bado inafaa?

Mtunza Ghala:
Ikiwa ulirudisha kizibo na kuiweka frijini, inafaa, lakini imalize leo au kesho. Garnacha huharibiwa upesi na hewa. Ukiona rangi imeelekea kahawia, usimpe mgeni.