Malkia Anne mnamwita Victoria? Dharau hii imezidi sasa!

Wakuu, nina hasira, naomba mnivumilie.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu St Paul's, hapa London. Mbele ya ngazi za kanisa kuna sanamu ya malkia mwenye taji, na miguuni pake wamekaa wanawake wanne: Uingereza, Ufaransa, Ireland na Amerika Kaskazini. Akaja mwongoza watalii na kundi lake, akanyoosha mwavuli: "Huyo ni Victoria." Watu wakapiga picha, wakaenda zao. Nikamfuata nikamwambia huyo ni Anne. Akanijibu kwamba wageni wanamjua Victoria. Sasa kama hawamjui Anne, wewe unalipwa kwa kazi gani?

Anne alitawala kuanzia 1702 hadi 1714. England na Scotland ziliungana mikononi mwake, tarehe 1 Mei 1707, kwa hiyo mtawala wa kwanza wa Great Britain ni yeye. Gibraltar ilitekwa 1704, enzi zake. Sheria ya hakimiliki ya 1710, iliyompa mwandishi haki juu ya kitabu chake, hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1708 alikataa muswada uliokwisha kupita bungeni, na tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa huko aliyekataa tena.

Halafu kuna lile linalotuhusu sisi Waafrika, na ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1713, kwenye mikataba ya amani ya Utrecht, serikali yake ilichukua leseni ya kupeleka watumwa 4,800 kila mwaka, kwa miaka 30, kwenye makoloni ya Hispania Amerika. Watu wetu, kwa hesabu iliyoandikwa kabisa! Mtu mwenye mkono wake humo anasahaulikaje?

Wanaomkumbuka wanasimulia jongo lake na ugomvi wake na rafiki zake. Mama huyu alishika mimba 17, hakubaki na mtoto hata mmoja. William, aliyeishi kuliko wote, alifariki 1700 akiwa na miaka 11. Kifo hicho ndicho kilicholeta sheria ya 1701 ya kurithi kiti, taji likaenda kwa ukoo wa Hanover wa Ujerumani, na Charles wa leo amekalia kiti kwa njia hiyo hiyo. Mnaligeuzaje umbea?

Wenye chaneli za historia humu, wake sita wa Henry VIII mmeshatuhesabia vya kutosha. Tupeni 1713.