Mtoto wa miaka 3 na wa miaka 6: gurudumu kubwa, bwawa, au baunsi za mtaani?

Mama Wawili (Donholm)

Habari zenu wazazi wenzangu. Shule zimefungwa na nimewaahidi wanangu siku moja ya kutoka. Nina msichana wa miaka 6 na mvulana aliyetimiza 3 mwezi wa Agosti. Nimetenga shilingi 6,000 pamoja na nauli, kwa hivyo siku ni moja tu na sitaki kukosea. Nafikiria Two Rivers, maana binti anaota lile gurudumu la mita 60. Ama Splash pale Lang'ata Road karibu na Carnivore, wacheze maji. Ama nibaki mtaani kwetu, kuna uwanja ambapo wikendi huletwa baunsi, yale makasri ya hewa, pamoja na trampolini mbili. Hapo ni bei rahisi na ni dakika kumi kwa miguu.

Ninachouliza hasa ni usalama. Mwaka jana, mahali ambapo sitapataja, binti yangu alipanda vile viti vya kuzunguka vinavyoning'inia kwa minyororo. Kijana akamfungia mnyororo wa mbele, akaenda zake. Mashine ilipoanza kupanda nikaona mtoto ameteleza mpaka ukingoni mwa kiti, amejishikilia kwa mikono tu. Nilipiga kelele. Yule kijana alikuwa anapokea M-Pesa za watu wengine, mgongo ameupa mashine. Mtoto alishuka mzima, lakini mpaka leo kuna usiku naamka nikimwona kwenye kile kiti. Baba yao anasema nisiwafungie watoto nyumbani kwa sababu ya siku moja, na naona anasema kweli. Basi niende wapi, na nikifika niangalie nini?

Baba Tele (Rongai)

Pole sana mama. Nina wanne na nimewazungusha kila mahali. Mimi huchagua mashine kubwa iliyojengwa hapo hapo, yenye msingi wa zege na wafanyakazi wa kudumu. Haya ya kufungwa na kufunguliwa kila wiki hayanipi imani. Gurudumu linaenda polepole na mnakaa pamoja. Nenda Two Rivers, na mdogo umpakate.

Fundi wa Lifti (Industrial Area)

Mama Wawili, mimi kazi yangu ni lifti, si bembea. Lakini hizi mashine ni ndugu: mota, breki, nyaya, na swichi za kuzuia mashine isiondoke mlango ukiwa wazi. Kwa hivyo niseme ninayoyajua.

Kwanza, usijisumbue kutafuta kutu. Mwaka 2017 kule Ohio, Marekani, mkono wa mashine ya kuzungusha watu ulikatika ikiwa hewani na kijana wa miaka 18 akafa. Mashine ilikuwa imekaguliwa na kupitishwa siku ileile. Watengenezaji walipochunguza walisema kutu ilikuwa imeila boriti kwa ndani. Kama wakaguzi hawakuiona, wewe uliyesimama kwenye foleni na mtoto mkononi utaionaje? Rangi mpya pia haikuambii kitu.

Unachoweza kuona ni mambo mawili: mwili wa mtoto wako ndani ya kiti, na macho ya mwendeshaji.

Ile alama ya urefu langoni watu wengi wanadhani ni ya kupima ujasiri. "Aah, huyu haogopi, mwachie tu." Alama ile imewekwa kwa sababu chuma cha mapajani na mkanda vimetengenezwa kushika nyonga na mabega ya ukubwa fulani. Mtoto mfupi anateleza chini yake kama samaki. Na hapa Baba Tele unisamehe ndugu yangu, lakini mtoto wa kupakatwa ndiye aliye hatarini kuliko wote. Mkikaa wawili na chuma ni kimoja, kinasimama kwenye paja lililo nene zaidi, yaani lako. Wewe umebanwa vizuri, mtoto amebaki na pengo. Mashine ikikata kona, mikono yako haina nguvu za kumshika. Si suala la upendo, ni uzito na mwendo.

Taa ya kijani ya kuonyesha viti vimefungwa nayo isikutulize peke yake. Orlando mwaka 2022 mvulana wa miaka 14 alianguka kutoka mnara wa kushuka kwa ghafla. Wachunguzi walikuta sensa ya kiti chake, yaani kile kifaa kinachohisi kama kizuizi kimefunga, ilikuwa imerekebishwa, hivyo mashine ikakubali kuondoka wakati pengo la kizuizi lilikuwa kubwa kupita kiasi. Mkono wa mtu unaovuta mkanda na kuhakikisha ni muhimu kuliko taa.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, simama utazame mizunguko miwili. Je, anavuta kila mkanda kwa mkono au anapita akihesabu vichwa? Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kiko wapi, na yeye yuko hatua ngapi kutoka hapo? Anayeendesha ndiye pia anayekusanya pesa? Kilichokupata mwaka jana kinaanzia hapo. Mtu mmoja amepewa kazi tatu.

Na mlikoonewa hivyo, mngeweza kushtaki kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inalinda hata mtu ambaye si mfanyakazi, kama hatari imetokana na kazi inayofanywa pale.

Muuguzi wa Zamu (Kayole)

Nafanya kazi chumba cha plasta. Nimesoma mazungumzo haya nikaona wote mmekimbilia gurudumu, wakati watoto ninaowafunga mimi hawatoki kwenye gurudumu. Wanatoka kwenye trampolini na mitelezo ya kawaida.

Trampolini: mtoto mmoja akiruka peke yake, shida ni ndogo. Wakiingia watano wa umri mbalimbali, mkubwa anapotua kile kitambaa kinamrusha mdogo kwa nguvu ambayo miguu yake haikuitoa yenyewe. Anashuka vibaya. Chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani kinashauri walio chini ya miaka 6 wasitumie trampolini kabisa, na kile cha madaktari wa watoto kinasema wanaporuka pamoja, aliye mdogo zaidi ana uwezekano wa kuumia hadi mara 14 kuliko mkubwa. Mvulana wako wa miaka 3 asiingie. Nalisema hilo bila kuzungukazunguka.

La pili wazazi huwa hawaniamini. Kuteleza na mtoto mapajani. Mama anadhani anamlinda. Mguu wa mtoto unagusa ukingo, soli ya raba inanasa, na mama hawezi kusimama, uzito wake unaendelea kushuka. Muundi unajisokota na kuvunjika. Akiteleza peke yake mguu ukanasa, anasimama tu, analia kidogo, basi. Nimeshawapokea akina mama wanaolia kuliko mtoto kwa sababu wamegundua ni uzito wao uliofanya hivyo. Kama mtelezo ni mkubwa mno kwa mtoto kushuka peke yake, basi si wa kwake bado.

Mama Wawili

Dada Muuguzi, nimesoma mara mbili. Mimi huteleza na yule mdogo mapajani kila Jumapili baada ya kanisa! Asante, sitarudia. Trampolini basi zimetoka. Na baunsi je? Ile ni laini kila upande, mtu angefikiri haina hatari.

Mpwani (South B)

Salamu nyote. Mama, hiyo ni biashara yangu. Nakodisha mahema, viti na baunsi kwa sherehe za watoto, mwaka wa saba huu, basi nitakuambia tunayoambiana sisi kwa sisi.

Adui wa baunsi ni upepo. Lile kasri la hewa ni kama tanga la jahazi. Desemba 2021 huko Tasmania, Australia, upepo wa ghafla uliliinua moja kwenye sherehe ya shule na watoto sita wakafariki. Nilipoisikia habari ile niliketi chini. Wiki iliyofuata nilinunua vigingi vipya vya chuma.

Uingereza wanataka angalau sehemu sita za kufungia, na wanasema upepo ukipita kilomita 38 kwa saa watoto washuke, hewa itolewe. Sisi hatuna kipimo cha upepo, kwa hivyo natazama miti: matawi madogo yakianza kuyumba, nafunga kazi. Wateja hukasirika. Wakasirike. Wewe ukifika uwanjani zunguka baunsi yote kwa miguu. Hesabu kamba. Kila tundu la kamba liwe na kigingi, na kigingi kiwe kimezama ardhini. Kama wamelitandika juu ya kabro au lami na wamelifunga kwa mawe au mfuko mmoja mmoja wa mchanga, ondoka. Kwenye sakafu ngumu panahitajika uzito mkubwa kila kona, si wa kubebwa na mtu mmoja.

Uliza pia jenereta ikizima itakuwaje. Feni ikisimama kasri linaanza kulala mara moja, na watoto wadogo ndio wanaofunikwa. Awepo mtu mzima mlangoni muda wote, asiye na kazi nyingine. Na wadogo waruke na wadogo. Mimi napiga kengele: dakika kumi za walio chini ya miaka 5, dakika kumi za wakubwa.

Njeri wa Gokati (Lang'ata)

Kwa haraka tu, kwa wenye watoto wakubwa kidogo: kabla ya kupanda gokati, vile vigari vidogo vya mbio, rasta na nywele ndefu zifungwe ndani ya kofia ngumu, leso, skafu na mtandio vivuliwe au vichomekwe ndani ya nguo. Vikishikwa na ekseli inayozunguka nyuma ya kiti hakuna muda wa kufanya lolote.

Mwokoaji (Embakasi)

Nimekuwa mlinzi wa bwawa miaka tisa, kwa sasa nafundisha kuogelea. Mama Wawili, kwa watoto wako hao wawili mimi ningeweka maji mwisho kwenye orodha yako. Mitelezo ya maji siyo inayonitisha. Kinachonitisha ni bwawa la watoto lenye kina cha magotini, ambapo kila mzazi anaamini mwingine anaangalia.

Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko majini, atapigaje kelele? Anasimama wima ndani ya maji kama anayepanda ngazi, kisha ananyamaza. Shirika la Afya Duniani linawataja watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuwa ndio walio hatarini zaidi. Wa miaka 3 akiwa majini, wewe uwe majini, mkono wako unamfikia bila kupiga hatua. Yale maputo ya mikononi yanachomoka yenyewe, ni ya kuchezea tu.

Na simu iwe ndani ya mfuko. Picha piga wakiwa wameshatoka.

Baba Tele

Nimenyamaza nikisoma. Fundi, ulichosema kuhusu chuma kimoja kwa watu wawili kimenigusa, maana nimefanya hivyo na kitinda mimba wangu mara nyingi kwenye ile treni ndogo ya kona kona. Nitaacha. Lakini bado nasema tusimtishe mama mpaka aghairi. Watoto wa Nairobi wanakaa kwenye fleti, korido ndiyo uwanja wao. Wakipata siku moja ya kupanda juu waone Karura yote chini yao, hiyo ni furaha ya mwaka mzima.

Shosho wa Kahawa West

Wanangu, mmesema mashine, mmesema maji, hakuna aliyeuliza mama anaenda na nani. Nimelea sita na wajukuu kumi na mmoja. Ukimpandisha wa miaka 6, wa miaka 3 unamwachia nani? Utamwambia simama hapa usisogee? Hatasimama. Atakwenda kwenye uzio wa mashine kumtafuta dada yake. Na ukipanda naye ili asipotee, ndiyo hayo ya kupakata ambayo fundi ameyakataza. Watoto wa vimo viwili wanataka watu wazima wawili. Kama huna wa pili, nenda Karura mkaone maporomoko, ama Giraffe Centre. Pale wanasimama kwenye jukwaa na twiga anakuja usoni pao. Wa miaka 3 hatakumbuka gurudumu, lakini ule ulimi wa twiga ataukumbuka.

Mpwani (South B)

Shikamoo shosho. Hapo umetufunga sote.

Mwokoaji (Embakasi)

Na siku iwe ya katikati ya wiki. Jumapili alasiri hata mfanyakazi mzuri anachoka, foleni inamsukuma. Jumatano asubuhi anakuwa na muda wa kumtazama mtoto wako.

Mama Wawili

Nimeamua, na nimemsomea baba yao yote haya jana usiku. Tunaenda Two Rivers Jumatano asubuhi. Dada yangu ameomba ruhusa kazini, atakuja. Nitapanda gurudumu na binti, na mdogo atabaki chini na shangazi yake, miguu yote miwili ardhini. Hatapanda chochote ambacho hakimfungi yeye peke yake. Nitatazama mizunguko miwili kabla ya kutoa hata shilingi, na nikiona mwendeshaji ndiye mkusanya pesa tunapita. Zikibaki pesa, Januari kabla shule hazijafunguliwa ninampeleka mdogo kwa twiga, shosho.

Leo asubuhi nimewasimamisha kwenye fremu ya mlango nikawapima. Binti sentimita 117, kijana 95. Amefurahi sana, anadhani tayari tumeanza mchezo.

Fundi wa Lifti (Industrial Area)

Walikuwa na viatu?

Mama Wawili

Ndiyo, raba.

Fundi wa Lifti (Industrial Area)

Wapime tena bila viatu.